Nyumba Yetu Imechoka na B

Jumatatu, 14 Julai

Mama ameanguka! Jana jioni, njia ya kisimani, ndoo kichwani, na umri wake ni themanini na ushei. Namshukuru Mungu, kilichovunjika ni ndoo tu. Lakini dada yangu Consolata alipata habari huko Mwanza kabla yangu mimi ninayekaa Nyanga, mwendo wa bodaboda tu kutoka Kaagya kwa mama. Alfajiri simu ikalia. Akasema anakuja na meli, atafika Jumapili, na akirudi atarudi na mama. Nikamwambia mama hawezi kuishi Mwanza, nyumba ya vigae na geti, mgomba hata mmoja hakuna. Akasema basi mpelekee maji mlangoni, wewe si ndiye mtoto wa kiume. Akakata simu.

Nikaenda Kaagya. Mama amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda, anamenya ndizi kana kwamba hakuna lililotokea. Akasema hataki Mwanza. Akasema pia kwamba njia ya kisimani imemshinda, na kuletewa maji na majirani kila asubuhi hataki, yeye si mgonjwa. Maji yakifika jikoni kabla ya Jumapili, habanduki. Yasipofika, atapanda meli. Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye ndizi zake, na moyo wangu uliniuma.

Zamani maji yalikuja yenyewe. Tata, yaani baba yetu, mwinjilisti Rugaibula, alifunga mtambo kule bondeni, wa kizamani, aliopewa na misheni. Haukula mafuta wala umeme. Maji yanashuka kwa kasi kwenye bomba la chuma, yanagonga, na kishindo hicho kinayasukuma mengine kupanda mlima hadi jikoni. Tak. Tak. Tak. Mchana na usiku. Tulilala na sauti ile, tukaamka nayo, tukaanika kahawa nayo. Wageni waliuliza ni nini hicho kinachogonga, na sisi tulishangaa, maana hatukuisikia tena. Tuliisikia siku iliponyamaza.

Nimeshuka bondeni kukagua. Mtambo mzima! Chuma cha watu wa zamani. Kilichokufa ni lile bomba la kuushushia maji, limetoboka kama chujio. Basi kazi ni bomba tu. Mimi Karugendo nitalipata, na Consolata atarudi Mwanza na mikono mitupu.

Jumanne, 15 Julai

Rwekaza amejileta. Huyu ni jirani wa mama, mpaka mmoja. Tulisoma darasa moja tangu la kwanza. Siku ya kufunga shule mwalimu alisoma alama mbele ya wazazi wote, kwa sauti ya kuita mbuzi. Julius Rwekaza, A. Karugendo, B. Muhula hadi muhula, mwaka hadi mwaka. Tata alinipigia makofi hata hivyo, peke yake, kwa nguvu, kofia kwapani. Makofi yale nayasikia mpaka leo. Ningetoa nini niyasikie tena!

Amesema ana vipande viwili virefu vya bomba la chuma, vilibaki alipochimbiwa kisima. Nichukue, hataki hata asante, mama ni wa wote. Wema huu umetoka wapi? Nikaenda kuyatazama. Mazito, meusi, hayana kutu. Na ubavuni yana maandishi meupe.

Hapo nilipenda. Kwetu mwanamume akisimama mbele ya watu hujitaja: jina, ukoo, na mambo aliyoyatenda. Ndiko kwebuga, na mtu asiyejua kujebuga hapewi hata nafasi ya kukaa. Kumbe na bomba hujebuga! Nikainama kusoma. ASTM A53. A! Nikatabasamu. Nikafuata maandishi taratibu hadi mwisho wa sifa zake. GR B.

B.

Jasho limenitoka. Rwekaza amenipa B! Miaka yote hii, nywele zimetuishia, bado ananigawia B! Bila shaka A aliizika kwenye kisima chake. Nikachukua mabomba, nikasema asante, nikatabasamu kwa meno ya mbele tu.

Jumatano, 16 Julai

Nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi Bukoba mjini. Nikaomba bomba daraja A. Muuzaji wa kwanza akasema hana, watu wote wanataka B. Wa pili akasema hivyo hivyo. Ushahidi huo! Kitu bora hakiko mikononi mwa kila mtu. Wa tatu akasema labda nijaribu Muleba, kuna yadi ya mama mmoja anayeitwa Joviana, ana mabomba ya kila namna.

Hila imenijia nikiwa Rwamishenye, nasubiri chapati. Nitabadilishana. Nampa huyo mama B zangu, ananipa A zake. Je, nani mjinga wa kutoa A apokee B? Hakuna. Kwa hiyo asijue kuwa ni B. Nimenunua kopo la rangi nyeusi. Nilitaka kufuta herufi moja tu, kisha nikaona atashuku, nikafuta maandishi yote toka mwanzo hadi mwisho. Sasa mabomba yametulia, hayasemi neno. Kazi safi.

Benigna, mke wangu, akatoka nje na kuuliza kwa nini napaka rangi bomba la mwenzangu. Nikamjibu ni biashara. Akasema neno hilo mara ya mwisho alilisikia mwaka wa kware, na kabla ya kware ilikuwa vanila. Nikamwambia kware waliniangusha kwa sababu watu wengine walifuga pia. Akarudi ndani.

Alhamisi, 17 Julai

Muleba na kurudi, kwa kirikuu, kigari cha mizigo, mabomba yamefungwa juu na kitambaa chekundu mkiani.

Barabara ile! Niliipita mara ya kwanza na Tata, juu ya lori la kahawa, tumekaa kwenye magunia, vumbi mpaka kwenye kope. Kila kilima alinitajia jina lake. Tulipofika Kemondo akanionyesha meli, akasema siku moja utapanda ile, lakini urudi. Leo lami imenyooka, dereva anaongea na simu, na mimi nilikuwa natazama kushoto kuliko na ziwa. Nilimkumbuka sana.

Ma Joviana ametoka kwenye kibanda chake cha bati, mwanamke mpana, sauti ya kipaza. Akanitazama ninavyotembea. Akaniuliza mimi si Karugendo wa Kaagya, yule aliyekuwa akigonga kengele ya shule kabla ya wakati ili turudi nyumbani? Waitu! Ni Joviana wa dawati la mbele! Aliyekuwa na kalamu mbili na hakuazimisha hata moja!

Akaleta akamwani kwenye kikapu kidogo. Kwetu huanzi biashara kabla ya kutafuna buni na mwenyeji. Tukatafuna. Tukamkumbuka mwalimu na fimbo yake ya mti wa kahawa, na ringi ya gari iliyokuwa kengele, na siku senene walipoingia darasani na hesabu ikafa. Tulicheka hadi machozi. Nusura nimweleze ukweli wote. Nusura! Lakini biashara ni biashara.

Akayazunguka mabomba yangu, akauliza maandishi yako wapi. Nikasema yalizaliwa hivyo. Akasema bomba lisilojitaja ni kama mgeni asiyetaja ukoo wake, hakuna fundi atakayelipa kazi ya maana, kwake ni chuma chakavu. Moyoni nilicheza ngoma. Hajui kilicho chini ya rangi!

Kisha akauliza A naitakia kazi gani, maji ya nguvu au reli za ngazi. Swali la mtego. Nikisema maji, atajua nina shida, atapandisha masharti. Nikasema reli za ngazi, najenga ghorofa. Ukoo wetu mzima hauna ngazi isipokuwa ya kuchumia parachichi. Akaniangalia kidogo, akasema kama ni reli, basi A inafaa sana. Akanipa vipande viwili vyepesi, vina mshono kwa urefu wote, na ubavuni, kwa maandishi safi kabisa: GR A. Hakubishana hata kidogo. Nilicheka peke yangu mpaka Muhutwe, na dereva akadhani nina homa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeleta fundi kutoka Rwamishenye. Akalinyanyua bomba kwa mkono mmoja, akaligonga kwa ukucha, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwonyesha A. Akaniuliza tena. Nikamwonyesha tena. Akafunga.

Nimemkuta mama akikunja vitenge na kuviweka kwenye shuka. Biblia, kitabu cha nyimbo, kisu chake cha kumenyea ndizi. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anajiandaa kwa lolote. Nikamwambia afungue mzigo, maji yanakuja kesho. Akasema atafungua yakija. Kisu kile amekuwa nacho tangu nilipokuwa sijaota meno, na sikupenda kukiona ndani ya shuka.

Jioni nimetunga sifa zangu za kutamka kesho. Nimeanza na ukoo, nikaja kwenye safari ya Muleba, nikamalizia na herufi A. Rwekaza nitamwalika asimame mbele.

Jumamosi, 19 Julai

Aibu.

Watu walikuja. Rwekaza alikuja na koti lake la kwenda mjini. Mama alikaa juu, karibu na jikoni, jagi tupu mapajani. Fundi akafungulia maji bondeni. Mtambo ukakohoa. Tak! Wazee wakapiga vigelegele. Mimi nikasimama kwenye jiwe, nikainua mkono, nikaanza. Mimi ndimi Karugendo, mwana wa Rugaibula, niliyekataa B mchana kweupe, niliyevuka vilima hadi Muleba nikaiteka A...

Pwaa! Mshono ukafunguka toka juu hadi chini. Maji yote ya bondeni yakaamua kwenda kwa Rwekaza. Koti, kofia, miwani. Mtambo ukanyamaza.

Rwekaza akafuta miwani. Akauliza kwa upole bomba lake liko wapi. Nikasema liko salama. Akauliza salama ya wapi. Nikasema Muleba. Ikabidi niseme yote mbele ya watu, hadi kopo la rangi. 

Rwekaza akampigia Joviana, akaweka sauti kubwa, ingawa kwa Joviana hakukuwa na haja. Alicheka kwanza, kirefu. Kisha akatufundisha sote tukiwa tumeloa. Ile A ya mwanzo, kwenye A53, si alama ya mtihani. Inataja ukoo tu, kwamba hiki ni cha jamaa ya chuma. Namba inayofuata inataja kanuni ambazo bomba limetengenezwa kwazo. Herufi ya mwisho ndiyo daraja lake, na hapo A ni chuma laini zaidi, kinachokubali kukunjwa, na B ina nguvu kuizidi. Kuna mabomba ya kanuni nyingine yana hadi C, na C inaipita B. Akasema tena kuwa daraja peke yake halitoshi, unatazama na unene wa ganda, na yale aliyonipa yalikuwa ya ganda jembamba kwa sababu nilimwambia reli. Reli za ghorofa! Watu wakageuka kunitazama. Akasema ningetamka neno maji tu, asingeniachia nitoke nayo getini.

Nikapanda juu.  Mama alikuwa amerudisha jagi kabatini na anafunga fundo la shuka, anavuta kwa meno. Nikaenda nyuma ya migomba, nikalia. Nilikuwa nimeloa tayari, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Jumapili, 20 Julai

Kengele ya kanisa haijalia, kirikuu inaunguruma kwenye kona. Joviana! Na mabomba ya Rwekaza juu. Amesema usiku kucha alijiona mwizi kwa kubaki na mabomba ya watu, ingawa mwizi ni mimi. Alikuwa ameyasugua kwa petroli njia nzima ya maandishi, na ile B imerudi, imefifia kidogo, inasomeka.

Fundi alikuwa kanisani. Tukashuka sisi watatu. Rwekaza wa A, suruali imekunjwa magotini. Joviana wa kalamu mbili, spana ya bomba begani. Mimi. Matope mpaka kiunoni, wazee wazima, tukigombana nani ashike wapi, sawasawa na siku zile tulipokuwa tukiziba mfereji wa shule ili tuogelee. Rwekaza akateleza akakaa majini. Joviana akamwambia leo amepata sifuri. Kwa muda fulani sikukumbuka kabisa kwamba nina dada njiani.

Lakini dada alikuwa ameshafika. Gari la kukodi, moja kwa moja kutoka bandarini. Tulimsikia juu akiita jina langu kwa sauti ambayo si ya Jumapili. Nikapanda mbio, wenzangu nikiwaacha wanakaza kiungo cha mwisho. Nimekuta mama amevaa kitenge cha kanisani, mzigo uko kwenye buti ya gari, mlango umefunguliwa, na yeye ameshika mlango akitazama migomba yake. Consolata akasema muda wangu umekwisha, meli haisubiri wajinga. Nikafungua mdomo. Sifa zote nilizotunga zilinikimbia, nikabaki kusema mama, mama, kama mtoto.

Mama akaingiza mguu mmoja garini.

Tak.

Mguu ukabaki hapo hapo.  Tak. Tak. Halafu jikoni bomba likakohoa, likatema uchafu, likatema maji mekundu, kisha maji.

Mama akatoa mguu. Akasema, taratibu, kwa Kiswahili ili hata dereva asikie: "Tata wenu amerudi kazini." Akamwambia Consolata ashushe mzigo. Na Consolata, aliyekuja na hasira ya kutosha meli nzima, akakaa kwenye kigoda cha mama akalia kwa sauti, kitambaa kimedondoka kichwani. Nikakaa chini karibu naye. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu msiba wa Tata.

Mama akamenya ndizi. Tukala ebitoke na maharage, Joviana na Rwekaza na dereva pia, na mtambo unagonga bondeni. Baada ya chakula mama akalala mchana palepale kwenye mkeka, na alikuwa hajalala mchana kwa miaka.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekaa nikafikiri. B inaizidi A! Chuma hakidanganyi. Kwa hiyo mwalimu wetu alisoma karatasi kinyume miaka yote ile, na Tata peke yake ndiye aliyejua, ndiyo maana akapiga makofi! Nimevuka mpaka nikamweleza Rwekaza kwamba kuanzia darasa la kwanza mimi ndiye niliyekuwa nikimtangulia, na sina kinyongo. Akafikiri kidogo, akanipa mkono, akasema hongera, Ta Karugendo. Mtu mwema kweli. Nimemsamehe yale ya zamani.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku njema kuliko zote! Consolata ametuma fedha za bati, jiko la mama liezekwe upya kabla ya mvua za Septemba. Sharti ni moja tu, nisifanye ujanja. Ujanja wa nini tena, na mimi sasa ni mtu wa vyuma?

Nimeingia dukani Bukoba kwa kujiamini. Muuzaji akaniuliza nataka bati geji ngapi, ishirini na nane, thelathini, au thelathini na mbili. Nikacheka. Swali la watoto! Kama B inaipita A na C inaipita B, basi anayehesabu mbele ndiye mwenye nguvu. Nikaagiza thelathini na mbili, namba kubwa kuliko zote dukani. Muuzaji akaanza kuniambia kwamba kwa bati namba zinakwenda kinyume, kubwa ndiyo... Nikamkatiza kwa heshima. Nikamwambia mimi nimeshatoka matopeni na mambo haya. Ajabu, bei yake ikawa ndogo kuliko zote! Hawajui wanachokiuza.

Rwekaza amepiga simu, sikupokea. Nyumba yake ni ya geji ishirini na nane, maskini, ndio uwezo wake. Joviana amepiga pia, mara nyingi. Wivu wa biashara.

Mama alikuwa mlangoni akinitazama ninavyopandisha mzigo toka barabarani. Na hapa ndipo chuma kizuri kinapojulikana: bati zote za paa zima nilizibeba kichwani peke yangu, kwa safari moja, huku nikiimba.